Mawenzi Haijahama

Alhamisi, 12 Julai 2007. Pasua, Moshi mjini. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kuvaa sweta mbili. Mlima hauonekani, leo ni siku ya tisa.

Nazihesabu siku hizo kwa sababu zimenitia aibu.

Ninauza makala kwenye mtandao. Mnunuzi yuko ng'ambo, sijawahi kumwona. Sharti lake ni kwamba kila makala iende na picha mbili na linki tatu za kurasa nyingine. Wiki iliyopita nilimaliza makala ya mfongo, mfereji wa wazee unaoshusha maji kutoka msituni mpaka kwenye migomba yetu Old Moshi. Maneno hayakunisumbua. Mfongo niliujua kabla sijajua kusoma.

Picha ndiyo iliyonishinda. Nilitaka mfongo, na mlima nyuma yake. Mlima ukakataa. Siku ya nne nikachoka kungoja, nikatafuta mtandaoni picha iliyoruhusiwa kutumika, nikapata nzuri sana: Kilimanjaro nyeupe, anga safi, tembo wawili mbele. Nikaituma.

Jumapili nilipanda nyumbani kumwonyesha baba mdogo makala, nimeichapisha kwenye karatasi, najivuna. Yeye ndiye anayepanga zamu za maji katika mfongo wetu, na nimemtaja. Akaishika karatasi mbali na macho, akaiangalia muda mrefu.

"Msomi, Mawenzi imehamia upande huo lini?"

Nikatazama. Katika vilele viwili vya mlima, kwetu Kibo iko kushoto, Mawenzi kulia. Pale ilikuwa kinyume. Picha ilipigwa Kenya, upande wa pili wa mlima.

"Na hawa tembo," akaongeza, "zamu yao ya maji ni siku gani?"

Shangazi alicheka mpaka akaiweka chini kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Mtoto wa Old Moshi, na nilishindwa kuutambua mlima wangu.

Jumatatu asubuhi nikapiga picha nyingine. Baba mdogo amepiga magoti kwenye tope, anaziba mfongo kwa magome ya mgomba ili maji yageukie kwa jirani. Nyuma yake ni ukungu mtupu. Nikaituma, nikakiri kosa langu.

Jibu limekuja leo. Picha yangu ni ya kijivu. Wasomaji wanapenda tembo. Hakuna atakayegundua. Halafu bado anadai linki ya tatu, na nikiendelea kumsumbua atampa mtu mwingine makala sita zilizobaki.

Hakuna atakayegundua.

Kila mtu niliyeandika habari zake atagundua. Kwake yeye, hao si watu wa kuhesabu.

Makala sita zile nazitaka. Sina kazi nyingine, na nikisema sizihitaji nitakuwa najidanganya. Lakini nimemjibu: weka picha ya mfongo, au nirudishie makala pamoja na jina langu.

Kuhusu linki, nimetafuta siku tatu na sijapata ukurasa hata mmoja ulioandikwa na mtu aliyekulia kwenye maji ya mfongo. Basi nimeuandika mwenyewe leo, hapahapa kwenye blogu hii, kwa Kiswahili, na picha ya kijivu juu kabisa. Linki ya tatu ni hiyo. Akiitupa, ukurasa utabaki hapa.

Mlima bado umefunikwa. Sihitaji ufunguke ndipo nijue Mawenzi iko wapi.