Bahasha Thelathini na Moja

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku tunaendelea. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya, na uongo niliokwisha kukuambia unatosha, kama utakavyoona mbele.

Kazi ninayo. Mwezi uliopita kampuni moja ya majiko ilinipa tenda ya kubuni kadi za mwaliko na bahasha zake, maana walikuwa wanazindua jiko jipya la umeme mbele ya waandishi wa habari. Nilijituma kwelikweli. Kadi nene nyeupe, katikati duara jekundu moja tu kama jiko lililopata moto, na bahasha ya kijivu yenye karatasi nyekundu kwa ndani. Afisa uhusiano wao, bwana mmoja mwenye maneno mengi, alinirudisha mara tatu nikuze nembo ya kampuni. Mara ya tatu nikamwambia ikikua zaidi wageni watakosa pa kusoma saa ya shughuli. Akacheka, akapitisha. Ila alitaka majina yaandikwe kwa mkono, kwa sababu waandishi hupokea bahasha za kupigwa chapa kila siku na kuzitupa bila kuzifungua.

Nikamfikiria Baba. Unaujua mwandiko wake. Vyeti vyote vya chuo aliviandika yeye mpaka siku aliyostaafu. Siku hizi anashinda dirishani tu, tena anasahausahau: anavaa viatu viwili tofauti, anaulizia chai aliyokwisha kunywa. Nilidhani kazi itamchangamsha. Nikamwekea meza, wino na orodha ya majina tisini. Asubuhi ya kwanza aliandika ishirini, herufi zimesimama wima kama zamani, akaniita nije kuzitazama. Nilifurahi hata nikaacha kuhakiki zilizofuata. Alipomaliza zote nilizifunga, nikazipeleka.

Kesho yake afisa alinipigia simu kuniuliza huyu mwandishi ni nani hata aalikwe mara thelathini na moja. Nilikwenda ofisini kwake, akanimwagia bahasha mezani. Lilikuwa jina lako, kaka. Jina lako kamili, na anwani ya nyumba unayoishi sasa, bahasha baada ya bahasha. Nikamwambia kosa ni langu, nikaziandika upya kwa mkono wangu mbaya. Uzinduzi ulipita salama, waandishi wakaja, jiko likasifiwa. Mimi nilirudi nyumbani, nikaketi sakafuni na kulia.

Sasa nisikilize, na ukitaka kunilaani, maliza kusoma kwanza. Anwani hiyo Baba anaijua kwa moyo, kwa kuwa tangu mlipogombana karibu miaka minne iliyopita amekuwa akikuandikia kila mwezi, na kila mwezi ananipa mimi barua niipeleke posta. Sikupeleka hata moja. Kwako nikawa nasema Baba bado ana kinyongo, hataki hata kulisikia jina lako. Kwake nikasema umezipata ila huna la kujibu. Nilikuwa na wivu, kaka. Mimi ndiye ninayempikia na kumwogesha, na sifa zote zilikuwa zako wewe uliye mbali. Barua arobaini na sita zilikuwa kwenye sanduku langu la nguo. Sikuzifungua. Nimezifunga pamoja na hii.

Jana mchana alinipa nyingine. Alisimama, akanikabidhi kwa mikono miwili, akaniita dada wa posta. Aliniomba radhi kwa usumbufu, akanieleza kwamba barua ni ya mwanawe, mtoto pekee aliyejaliwa kumpata, na akanisihi isipotee. Nikamwahidi haitapotea, na nimeiweka humu pamoja na zile. Njoo, kaka, na uje upesi, maana wewe bado anakujua.

Nisalimie wifi, nibusie watoto. Baba naye anakusalimu; salamu zake zimo humo ndani ya bahasha, na mimi sijui anasema nini.

Ni mimi mdogo wako,
Kibonge