Shamba kwenye sahani ya nsima

Yaya Furaha,

Nakuandikia nikiwa Lilongwe, viatu vingali na vumbi ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Baridi ya huku inauma kuliko ya kwetu.

Baba mkubwa nilimukuta mbele ya nyumba yake kule kambini, anakula na Mzee Asukulu, yule tuliyepakana naye shamba kule Fizi. Habari ya kompani inayotafuta mafuta ya petroli kando ya ziwa yetu ilifika kule mbele nifike. Batoto ya Asukulu baliniuliza kwanza kama kompani itachukua bashofere.

Nikatoa ile karatasi ya kuuza shamba uliyonituma nayo. Baba mkubwa hakuisoma. Alikata nsima, ule ugali wa huku, vipande viwili, akasema huku kwangu, huku kwa Asukulu, na mpaka unapita hapa, kwenye mingazi yangu ya mawese. Asukulu akasema hapana, mingazi iko upande wake, na mafuta pia. Bakabishana mpaka nsima ikapoa. Kisha Asukulu akamega tonge palepale katikati, akaula ule mpaka. Balicheka mpaka machozi.

Nikamupa baba mkubwa kalamu. Akanirudishia.

"Leo bakiniuliza kwetu ni wapi, nasema Fizi. Nikisha kuuza, nitasema wapi? Dzaleka?"

Njo maana narudi na karatasi bila sahihi, yaya. Usinikasirikie. Anaomba tu upalilie chini ya mingazi, hata ile ya Asukulu.

Mungu akuchunge na batoto.

Mdogo wako, Riziki