Kukaa Matanga Kapsoit

Jumamosi, Julai 1996

Mvua imenyesha tangu asubuhi na baridi imeingia hadi kwenye mifupa. Nimechoka, lakini moyo wangu umejaa. Leo ninajivunia mama yangu. Hata nafsi yangu ninaijivunia, kidogo.

Baba Atieno, jirani yetu, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Homa ya mapafu ilimchukua wiki iliyopita. Kwa desturi ya Wajaluo alipaswa kuzikwa kwao, karibu na ziwa. Lakini mkewe alitaka kwanza matanga yafanyike hapa Kapsoit, mahali walipoishi na kulea watoto wao.

Sisi Wakipsigis mwanzoni hatukwenda.

Tangu zile fujo za kikabila za miaka michache iliyopita tunasalimiana nao vizuri barabarani, kisha kila mtu anarudi kwake. Jumatano, baada ya maombi, mzee wa kanisa letu akaliweka jambo hilo wazi kabisa: "Matanga ni pombe na densi. Mkristo anaenda mazishi, haendi matanga."

Mazishi yenyewe yangekuwa mbali, ziwani. Maana yake ni kwamba hakuna hata mmoja wetu ambaye angemlilia yule mtu.

Nikasimama. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimezoea watoto, sijazoea wazee.

"Mzee, naomba niseme kidogo," nikaanza. "Tanga ni lile la chombo cha baharini. Zamani matanga yalisukwa kama mikeka. Nilivyofunzwa chuoni, mtu akifiwa, majirani walikuja wakatandika chini, wakakaa na kulala hapo pamoja naye. Ndiyo sababu watu husema kukaa matanga. Pombe haimo katika neno hilo. Kilichomo ni kukaa."

Kusema kweli, sina hakika kama neno lilianza hivyo hasa. Maneno ya zamani hayana shahidi. Lakini sikuona maelezo mengine yanayoshinda hayo.

Mzee akatikisa kichwa. "Mwalimu, hayo ni ya watu wa pwani. Hapa tutatoa wapi tanga?"

Hapo mama yangu akainuka. Mama huwa hasemi kitu kanisani. Huimba, husali, huenda nyumbani kukamua ng'ombe.

"Turubai ninalo," akasema.

Akatoka.

Lilikuwa turubai letu la kuanikia mahindi. Alilibeba kichwani mpaka kwa Mama Atieno, akalitandika uani, akaketi, akanyoosha miguu. Mimi nikaketi kando yake. Wanawake wawili watatu wa kanisa wakatufuata, wakiangalia nyuma kama watu wanaoiba.

Mama Atieno alitoka jikoni akatukuta hapo. Aliketi, akaegemeza kichwa begani mwa mama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimsikia akilia kwa sauti.

Mama hajui Kijaluo, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Alimshika mkono tu.

Alhamisi tulikuwa wengi. Waliimba nyimbo zao za kanisa, nasi tukaimba zetu, tukagundua kwamba nyingine zina tuni ileile. Ijumaa alasiri mzee wa kanisa akaja. Alisimama uani, akavua kofia. Mama akasogea kumpa nafasi. Hakuna aliyemkumbusha alichosema, na nilifurahi kwamba hata mimi nilinyamaza.

Leo asubuhi gari lilifika kumchukua marehemu na familia yake. Shemeji yake Mama Atieno, aliyekuja nalo kutoka ziwani, alishangaa kuona uani pamejaa Wakipsigis. Akamuuliza kwa Kiswahili, nadhani ili nasi tusikie, "Hawa ni wageni?"

"Hapana," Mama Atieno akajibu. "Hawa pia wamefiwa."

Nililia hapo, mbele ya watu.

Tulirudi nyumbani mimi na mama, tumelishika turubai pembe na pembe, limelowa na kuwa zito. Nilitaka kumwambia jinsi ninavyomwonea fahari, lakini kwetu maneno kama hayo hayasemwi ovyo. Nikamwuliza tu kama amechoka.

"Umesema vizuri kanisani," akanijibu, bila kunitazama.

Nimeishi miaka yote hii nikilisubiri neno hilo kutoka kwake. Nitalala nalo leo.