Siku Mbili za Gent

Jumatano, 15 Mei

Bibi nimeshamwogesha, nimemkanda miguu, amelala. Nina saa mbili kabla hajaamka kutaka chai. Kazi ya leo ni Uholanzi na Ubelgiji.

Madamu kanipa karatasi zake. Amsterdam siku nne, Haarlem, Den Haag, Delft. Kisha Antwerp, Bruges, Brussels. Yeye ni mwalimu wa historia ya sanaa chuoni, anataka picha. Mabwana wa kale wenye kola za mikunjo, meza zimejaa samaki na malimau. Mimi nataka vyoo. Vyoo, lifti, pa kutawadhia, na mawe ya barabarani yasiyovunja kiti cha magurudumu. Mwaka juzi Vienna lifti ya makumbusho ilikufa, nikamteremsha Bibi, mama mkwe wake, mgongoni ghorofa tatu. Tangu hapo hakuna safari ya nyumba hii isiyopita kwenye daftari langu. Madamu anapanga cha kuona. Mimi napanga Bibi atakionaje.

Gent haikuwemo. Nimeitia mimi. Siku mbili, katikati ya Antwerp na Bruges. Nikaandika sababu: kanisa kuu lenye picha ya madhabahu yenye milango, lifti ipo, mashua za kupanda na kiti. Madamu akafurahi mpaka akanishika bega. Eti yeye aliisahauje Gent!

Sababu yenyewe sikuiandika. Rukia yuko Gent.

Jumapili, 19 Mei

Niiandike hapa basi, angalau mahali pamoja. Baba yake Rukia alimchukua akiwa na miaka sita, akampeleka kwa dada yake Ubelgiji. Mwaka mmoja tu, alisema, asome. Sasa ana kumi na saba. Miaka kumi na moja. Simu walibadilisha, barua hazikujibiwa. Mwezi wa tatu mwaka huu binamu yake ndiye aliyenipa namba. Nilituma salamu nikakaa siku tisa. Akajibu kwa sauti, neno moja: "Mama?" Nililia chooni, maji nimeyafungulia.

Picha hatumi. Pale pa picha yake kaweka paka. Anasema tutaonana kwa macho.

Ijumaa, 24 Mei

Mapumziko. Nilikwenda Al Wukair, kiunga cha mji huu wa Waarabu, kwa Watanga wenzangu. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, umbea. Wakaniuliza tunakwenda wapi kiangazi hiki. Nikasema huko huko Ulaya. Wapi Ulaya? Huko huko. Wakanicheka, mwenzetu kawa serikali. Wacheke. Safari haisemwi, macho ya watu yana sumu. Mama yangu hata kwenda Korogwe alikuwa anaaga akishapanda gari.

Jumatano, 5 Juni

Alama za vidole ofisi ya viza. Odhiambo, dereva wetu Mkenya, ndiye aliyenipeleka. Mikono ilinitoka jasho hadi mashine ikakataa mara mbili. Odhiambo ana macho. Kurudi akaniuliza, nikamwambia. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu anaendesha na hakutazami.

Tulifika kwenye taa za barabarani za Muaither. Kisha: "Sista, ambia madam saa hii. Hao wanaogopa kitu moja tu, mtu kutoroka Ulaya. Akijua baadaye, wewe umeisha."

Nimemwambia nitasema viza ikitoka. Ikitoka nitasema.

Alhamisi, 20 Juni

Viza imetoka. Ina picha yangu kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Nimeishika, nimeinusa.

Sijasema. Eid imepita juzi tu, nyumba imejaa wageni. Nitasema tukishafika Amsterdam, Madamu akishaziona picha zake, moyo umekunjuka.

Jumapili, 23 Juni

Rukia kachagua mahali. Uwanja wa Korenmarkt, kituo cha tramu. Jumatano tarehe 24 Julai, saa nane mchana. Ndio wakati Bibi analala. Hoteli nimeipata hatua mia nane kutoka hapo. Nimepima kwenye ramani kwa kidole kutwa nzima. Saa mbili atalala, dakika kumi kwenda, dakika kumi kurudi. Saa moja na dakika arubaini na mwanangu.

Kiswahili chake kimekuwa cha kizungu. Anasema "mimi nataka kuona wewe." Ungenipa dhahabu nisingeichukua mbele ya hiyo sentensi.

Ijumaa, 28 Juni

Babu, mume wa Bibi, kalazwa. Kifua. Ana miaka themanini na tatu.

Jumanne, 2 Julai

Wanasema figo nazo.

Nimeswali nikaomba jambo la haya. Sikuomba apone. Niliomba asife kabla ya tarehe kumi na sita, siku ya ndege. Akishindwa, basi afe sisi tuko huko. Mzee wa watu. Kila Eid alikuwa ananipa pesa ya sikukuu mkononi mwenyewe, hamtumi mtu. Nami nahesabu siku zake kwa manufaa yangu. Mungu anisamehe. Nimeomba tena baada ya alasiri, vilevile.

Alhamisi, 4 Julai

Amefariki kabla ya alfajiri. Adhuhuri wameshamzika.

Bibi hakupiga kelele. Alinitazama akaninyooshea mikono nimvue bangili. Nikazivua moja moja. Mkono wa kulia uligoma, nikatia sabuni. Pale kwenye sabuni ndipo nilipoelewa. Eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani. Kwetu Tanga tungemwita kizuka, na kizuka hukaa na mtu wake wa kumhudumia.

Mtu wake ni mimi.

Jumapili, 7 Julai

Siku tatu za matanga zimekwisha. Kahawa, tende, kahawa. Miguu imevimba. Bwana, mume wa Madamu, kasema watoto wao wasikose safari, babu yao mwenyewe ndiye aliyewaahidi. Madamu atakwenda nao, na dada yake anayekaa mtaa wa The Pearl atamsaidia. Mipango ile ile, ratiba ile ile. Mimi hakuna aliyenitaja. Hawakuwa na ubaya. Ni kama kusema jiko litabaki jikoni.

Namchukia Bibi leo. Nimemlisha uji huku namchukia. Kasema Mungu akuhifadhi, na mimi nimeitika amina.

Jumatatu, 8 Julai

Nimesema.

Nilimkuta Madamu anakunja nguo za watoto. Nikamwomba anichukue, hata kwa siku za Gent peke yake, nirudi na ndege ya kwanza. Nesi akae na Bibi siku tano. Akauliza kwa nini Gent. Nikamwambia. Yote, na Korenmarkt, na saa nane.

Aliacha kukunja. Nilidhani atalia, ana huruma huyu mwanamke, sidanganyi. Uso ukaanza vizuri. Kisha akawa anarudi nyuma kichwani, nilimwona anavyorudi, mpaka siku ile aliponishika bega.

"Gent uliitia wewe."

"Ndiyo."

"Miezi miwili unaniandikia habari za madhabahu."

Nikasema niliogopa. Akaniuliza niliogopa nini, yeye ana watoto, angenizuia nisimwone mtoto wangu? Ningemwambia nini? Kwamba kwetu mtu hata Korogwe haisemi? Nikasema wallahi nitarudi. Kiapo hicho ndicho kilichoniharibia. Yeye hakuwa ametaja kutorudi, nimelileta mimi mwenyewe.

Akasema, "Khalas, Mwanaisha. Basi." Taratibu. Akaendelea kukunja.

Hajanifokea. Afadhali angenifokea.

Jumanne, 9 Julai

Nimemwambia Rukia. Nilituma sauti ya dakika sita, nikaifuta, nikatuma ya dakika moja. Babu kafariki, Bibi yuko eda, siwezi, mwanangu nisamehe. Viza yangu inakwisha mwezi wa nane, eda inakwisha Novemba.

Akajibu baada ya swala ya isha. "Sawa. Mimi sijaambia mtu kwamba wewe unakuja, so hakuna shida."

Hajaambia mtu. Hajawahi kuamini. Au kaamini akanyamaza, kama mimi. Lipi bora sijui.

Nimemwandikia mara nne tangu hapo. Hakuna.

Jumanne, 16 Julai

Wameondoka. Nimewafungia mabegi. Madamu kachukua daftari langu, kaniambia asante, bila kunitazama. Odhiambo amerudi kutoka uwanja wa ndege, kaleta biskuti, kaziacha mezani. Hakusema nilikwambia. Namshukuru kwa hilo.

Jumamosi, 20 Julai

Bibi hataki kula. Anataka nikae tu. Anasimulia walivyooana, alikuwa na kumi na tano, hakumjua mume hadi siku ya tatu, aliona haya kuinua macho. Anacheka, kisha anasahau kwamba mume amekufa, ananituma nikamwite. Leo mara mbili. Sikumwambia. Nilitoka, nikasimama ukumbini kidogo, nikarudi nikasema yuko msikitini.

Chuki imeniisha. Nilikuwa nimeizoea, imeniachia pengo.

Jumatano, 24 Julai

Saa nane yao ni saa tisa yetu. Bibi kalala saa hiyo hiyo, kama nilivyoandika.

Saa kumi Madamu katuma ujumbe. Lifti ya kanisa inafanya kazi. Hoteli nzuri, karibu na kila kitu. Daftari lako halijakosea hata mahali pamoja. Na picha: watoto wamesimama uwanjani, pua zina sukari ya keki, nyuma yao tramu.

Uwanja ni ule. Najua kwa ramani.

Nimeikuza picha kwa vidole. Nyuma ya watoto kuna watu wengi. Wasichana weusi watatu. Mmoja kajifunga mtandio wa kijani, anatazama simu. Mmoja yuko na wenzake, anacheka. Wa tatu amekaa peke yake penye benchi ya kituo, mkoba mapajani, uso kaugeuzia tramu inakotokea.

Nimemtazama kila mmoja. Nimetafuta masikio, nimetafuta paji la baba yake. Ukikuza sana wanakuwa vidoa.

Simjui. Nimemzaa na simjui.

Nimemwuliza Madamu saa ngapi alipiga ile picha. Hajajibu, labda wako kwenye mashua. Bibi kaamka, kataka maji ya kutawadhia. Nimemshika mkono hadi bafuni, nimemkunjia mikono ya gauni, nimemmiminia. Maji yalikuwa ya moto, haya ya kiangazi yanatoka moto kwenye bomba la baridi. Nikangoja yapoe.