Jumamosi Yetu Iliyoliwa na Apdeti

Mdogo wangu Bahati, wewe uliye huko kwenye theluji,

Leo nimewasha ile mashine ya gemu uliyoniachia. Unajua imeniambia nini? Ningoje. Haijanisalimia, haijaniuliza habari za kazi, imeniletea tu ule mstari wake wa bluu na kuniambia kuna apdeti, ningoje. Nimeichomoa ukutani. Halafu nimekaa kitandani na hasira zangu, nikaona heri nikuandikie wewe, maana wengine hapa nikiwaambia habari hii wananicheka. Wanasema, mtu mzima, mwenye saluni yake mjini, analilia gemu!

Wao hawajui. Wewe unajua kwamba mimi na wewe hatujawahi kuongea jambo zito tukiangaliana usoni. Sijui tulirithi wapi, labda kwa Papa, ambaye hakuwa anatangaza jambo lolote mpaka awe anachonga kitu mkononi. Sisi tulikuwa na gemu yetu ya mpira. Habari kwamba Mama amefariki kule Bukavu uliniambia ukiwa unashambulia goli langu, macho kwenye skrini, na mimi nikaendelea kubonyeza padi huku machozi yananidondoka, mpaka mechi ikaisha. Na nilipoachana na yule mwanaume wa mtaa wa Overport, ulijua kwenye kipindi cha pili, nikiwa nimeshafungwa mengi. Ulisema tu, "Bon. Afazali," ukanifunga lingine. Nilicheka siku ile mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa hiyo dosie ya Kanada, lile faili la kuhamishwa wakimbizi, ilipotoka, yako peke yako, yangu ikabaki imelala kule ofisini, mimi nilijua tutaongea wapi. Watu wote wanaoniita dada mkubwa kama wewe walikuwa wananiuliza, Yaya, sasa utabaki na nani? Najibu niko sawa. Saluni nzima niko sawa, kanisani niko sawa. Hata wewe uliniuliza jikoni, umenipa mgongo unaosha sahani, nikakuambia niko sawa, nenda. Lakini nilikuwa na neno langu juu ya safari yako, na neno lile nililiwekea akiba kwa ile Jumamosi ya kuondoka, mchana, mimi na wewe, mechi ya mwisho.

Ndiyo maana nilikununulia gemu mpya, iliyotoka wiki ileile. Wewe ulikuwa umeshanunua mashine mpya ya kuniachia, ile ya zamani umeigawa, na diski zetu za zamani hii mpya ilikuwa inazikataa. Bila gemu ile hatukuwa na kitu cha kucheza.

Na hapo ndipo tulipojikwaa, mimi na wewe na kanisa letu zima. Kwetu zawadi ya kumuaga mtu haifunguliwi kabla ya maombi. Mama Pasta akaichukua gemu na plastiki yake, akaiweka juu ya kabati pamoja na Biblia uliyopewa na akina mama, akasema hakuna wa kuigusa mpaka Jumamosi, iombewe. Nani angembishia? Wiki nzima ikakaa pale juu, imefungwa vizuri, inangoja baraka. Tungeitia kwenye mashine siku niliyoileta, ingeshusha mizigo yake polepole, Jumamosi tungeikuta tayari. Lakini nani alijua? Miaka yote gemu ilikuwa ni kununua, kuingiza, kucheza.

Jumamosi ikafika. Pasta akaomba, akaombea hata ile plastiki. Watu wakala sombe na ndagala, wakakukumbatia, wakaondoka, maana nilikuwa nimewaomba watuachie mchana. Ukachana plastiki kwa meno, ukaingiza diski. Tukakaa kwenye mkeka, kila mtu na padi yake, na mimi neno langu limeshafika mdomoni.

Apdeti inahitajika.

"Sasa hii iko nini?" ukauliza.

"Bonyeza ndiyo," nikakuambia. "Iko kitu kidogo."

Kidogo! Bahati, lile lilikuwa pande zima la gemu. Nilinunua boksi, nikadhani gemu imo ndani ya boksi, kumbe ndani ya boksi kuna ahadi. Hivi mteja aje saluni kwangu, nimsuke nusu ya kichwa, nichukue hela yake yote, halafu nimwambie nywele zingine zitakuja kwa simu, akae angoje? Si atanivunjia vioo? Hawa wametuuzia nusu kichwa, na tena bila haya wakatuandikia pale kwenye skrini asante kwa uvumilivu wako. Uvumilivu gani? Nani aliwaambia mimi nina uvumilivu?

Bando langu likaisha mstari haujafika hata robo. Nikashuka ngazi mbio kwa Salum, yule Mtanzania wa duka la simu pale chini, nikamwambia nipe data haraka, mdogo wangu anasafiri leo. Akauliza data ya kazi gani. Nilipomweleza akajishika kichwa.

"Dada'angu, hii siyo data ya kutuma picha. Hii ya kubeba na lori!"

"Nipe hilohilo lori, Salum."

"Haya. Lakini usije ukanililia hapa."

Nikarudi juu nahema. Tukaweka data. Mstari ukaanza upya, kutoka sifuri, kana kwamba hatukuwa tumetoa kitu. Mimi nikatukana kwa Kiswahili, wewe ukatukana kwa Kifaransa, na kile Kizulu chote tulichojifunza kwenye teksi tukakimaliza siku ile. Ukaenda kusimama dirishani umeshika modemu, maana mtandao ulikuwa unaingia upande ule tu. Mimi nikabaki mkekani nakusomea asilimia. "Imefika ngapi?" "Thelathini na moja." "Na sasa?" "Ileile." Hayo ndiyo maongezi yetu ya mwisho ndani ya nyumba ile, Bahati.

Utasema tungeiacha, tuongee tu. Nililifikiria. Nilikuangalia pale dirishani, mkono umeunyoosha juu kuelekea yale magorofa, jasho limelowesha shati la safari nililokupigia pasi asubuhi, nikafungua mdomo wangu. Nikasema, "Sogeza kushoto kidogo."

Pasta akapiga honi kule chini. Mstari ulikuwa umepita tisini. Ukasema, "Yaya, tumwambie angoje kidogo," nikakujibu kwamba ndege haina kungoja. Kwenye gari Pasta aliimba njia nzima, na siku ile robot zote, zile taa za barabarani, zilikuwa kijani, hata ile ya kona yetu inayotuchelewesha kila siku. Kule airport ulinikumbatia harakaharaka, wale wa shirika la kusafirisha wakimbizi walikuwa wanakuita jina. Ukaniambia, "Ikimaliza, cheza. Utaniambia iko namna gani." Nikasema sawa.

Niliporudi ilikuwa imemaliza. Uwanja unang'aa, mashabiki wamejaa wanaimba, timu mbili zimesimama zinangoja mtu abonyeze. Padi yako iko palepale mkekani. Nikazima. Tangu siku ile kila ukipiga simu unaniuliza kama nimecheza, nami nakuambia saluni ina kazi nyingi.

Sasa umenunua ileile huko, unataka tucheze kwa mtandao, wewe kule na mimi huku. Nakuapia nimejaribu, leo nilikuwa nimewasha kwa ajili hiyo. Mashine inataka apdeti ya mashine, gemu inataka apdeti ya gemu, na nikimaliza mimi, kwako itakuwa imetoka nyingine. Eish, nimechoka! Siwezi kuendelea kumngoja mtu nisiyemjua aniruhusu kuongea na mdogo wangu.

Kwa hiyo naandika. Macho yangu yako kwenye karatasi, na yako yatakuwa kwenye karatasi. Hatuangaliani. Inatosha.

Jikoni ulipouliza, sikuwa sawa. Sikutaka uende, Bahati. Nilitaka tuwe katikati ya mechi nikuambie usiende, usiniache peke yangu mji huu, halafu ujibu unavyotaka. Ungenifunga goli na ungekwenda hata hivyo, najua, na ulifanya vizuri kwenda. Lakini ungepanda ndege umeshasikia kwamba kuna mtu aliyetaka ubaki. Ulipanda ukidhani hakuna.

Alikuwepo. Ni mimi,

Yaya wako