Umri wa Misonobari ya Giakanja

Jumatatu, 3 Machi
Baridi. Chai mara mbili kabla ya kutoka Nyeri. Chifu wa Giakanja ameniita, mimi afisa wa misitu, anataka kujua umri wa misonobari kwa shamba la Mama Wambui, mjane. Shemeji yake, Kariuki, anataka kuikata. Inatia kivuli michai yake ng'ambo ya mpaka. Mama Wambui hataki. Anasema marehemu mumewe aliipanda karibu na kufa, miaka sita iliyopita. Kariuki anasema aliipanda yeye, baadaye. Uamuzi wa chifu: kama ni ya marehemu, haiguswi.

Jumanne, 4 Machi
Nimehesabu. Msonobari ukirefuka huacha duara la matawi kwenye shina. Urefu wenyewe hausaidii, udongo wa pale una rutuba. Matawi ya chini yameshaanguka, nikapapasa makovu yake ndani ya nyasi. Maduara sita.
Shida ni mvua zetu mbili, huenda mti unarefuka kila msimu wa mvua. Duara moja kwa mwaka, basi ni marehemu. Mawili, ni Kariuki.
Mama Wambui aliniletea ngwaci, viazi vitamu, za moto. Nampenda. Vibaya kwa kazi hii.

Alhamisi, 6 Machi
Nilihitaji miti ambayo umri wake hauna ubishi. Kanisani ipo, akina mama waliipanda jengo lilipofunguliwa, miaka mitano sasa. Maduara kumi. Mawili kwa mwaka.
Kwa hivyo ile ya Mama Wambui ina miaka mitatu. Nilitaka jibu lingine.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewaambia mbele ya chifu. Mama Wambui alisema alimwona mumewe akipanda, kwa macho yake. Nilijiona mkatili.
Kariuki akamgeukia: "Ulimwona, shemeji. Lakini hizo miti zake zilikauka zote na kiangazi, ukiwa Nanyuki kwa dada yako tangu mazishi. Nikapanda zingine kwa mashimo zake."
Mama Wambui alirudi mwaka juzi, akaikuta midogo. Alidhani imedumaa.
"Mbona hukuniambia?"
"Ningekuambia aje, na vile ulikuwa bado unamlilia?"
Mama Wambui alilia. Chifu alitoka nje. Mimi pia.

Jumatatu, 17 Machi
Nimepita Giakanja. Safu ya mpakani imekatwa, hiyo tu. Mama Wambui ndiye aliyemwonyesha Kariuki pa kuishia. Walikuwa wakifunga matawi ya kuni, yeye anashika, Kariuki anakaza kamba. Mvua ikaanza, tukaingia jikoni.