Bahasha Niliyoifungua kwa Mvuke

Dada yangu,

Huku tu wazima; mwanangu kaota meno mawili. Kazini tumefunga mtambo wa kwanta, unaopeleka siri kwa chembe za mwanga. Mtu akizichungulia njiani zinabadilika, nasi tunajua papo hapo.

Jana nikiwaeleza wageni hayo, nilikwama katikati kwa aibu. Nilikumbuka barua yako kwa mchumba wako. Niliifungua kwa mvuke wa birika, nikamwambia baba mnataka kutoroka, kisha nikaibandika tena. Haikubaki hata alama.

Ukamlaumu rafiki yako aliyeipeleka. Mwaka wa tisa huu hamsemeshani, nami nimekaa kimya, uso mkavu.

Wiki hii anasafiri kuja huko. Nimempa yeye barua hii akuletee, na bahasha sijaifunga.

Mdogo wako